Gemu Isiyofanana na Tangazo Lake: Mwongozo Kamili wa Kudai Fedha Zako

Mnunuzi wa gemu aliyeko Tanga, awe kijana wa Chumbageni aliyedunduliza fedha za gemu moja ya kompyuta au mwenye banda la gemu Ngamiani anayetaka wateja wake wanne wacheze kwa pamoja kwenye skrini moja, hana kaunta ya kwenda kulalamikia. Muuzaji yuko Marekani, Japani au Poland, mkataba umeandikwa kwa lugha ya kisheria na kukubaliwa kwa kubofya mara moja, na fedha zimekwisha kutoka kwenye pochi ya simu. Hata hivyo fedha hizo zinaweza kurudi iwapo mdai anafahamu mambo mawili. La kwanza ni kwamba kila duka la mtandaoni limeweka kikomo chake cha muda, na kikomo hicho huanza kuhesabiwa kabla mnunuzi hajajua kuwa ana tatizo. La pili ni kwamba dai lenye nguvu ni lile linaloweka maneno ya muuzaji upande mmoja na gemu yenyewe upande wa pili, pasipo kuchanganya na hasira wala ladha ya mchezaji.

Hatua ya kwanza: pambanua aina ya dai lako

Gemu inaweza kumkera mnunuzi kwa sababu tatu tofauti. Huenda haimpendezi, huenda ina hitilafu, au huenda inakosa kitu ambacho tangazo lilisema kimo. Maduka mengi hupokea sababu ya kwanza ndani ya kikomo cha muda na kuikataa nje yake, lakini sababu ya pili na ya tatu zinaweza kusikilizwa hata muda ukishapita, na ndiyo maana ni muhimu kuzitaja kwa jina lake.

Mfano wa wazi kabisa wa sababu ya tatu ni gemu ya The War Z, iliyoingia kwenye duka la Steam mwezi Desemba 2012. Ukurasa wake wa mauzo uliorodhesha vipengele ambavyo havikuwemo, kama vile ramani za ukubwa wa hadi kilomita za mraba 400, seva za wachezaji 100 na mfumo wa kujipatia ujuzi. Wanunuzi walilinganisha orodha hiyo na gemu waliyoipakua, na Valve, kampuni inayomiliki Steam, ikaiondoa sokoni na kuwarudishia fedha waliozidai. Mwaka 2023 jambo linalofanana na hilo lilitokea kwa The Day Before, ambayo kwa miaka kadhaa ilitangazwa kuwa dunia pana ya wachezaji wengi wa mtandaoni. Ilipotoka tarehe 7 Desemba 2023, wachezaji walikuta mchezo mwembamba wa aina nyingine. Siku nne baadaye mtengenezaji akatangaza kufunga kampuni, wanunuzi wakarudishiwa fedha, na seva zikazimwa tarehe 22 Januari 2024.

Kesi ya No Man's Sky inafundisha upande wa pili wa jambo hili. Baada ya gemu hiyo kutoka Agosti 2016, mamlaka ya viwango vya matangazo ya Uingereza ilipokea malalamiko 23 kuhusu ukurasa wake wa Steam, ikachunguza, na mwezi Novemba ikaamua kwamba tangazo halikuvunja kanuni. Sababu mojawapo ni kwamba sayari na viumbe vya gemu hiyo hutengenezwa na programu yenyewe, kwa hiyo kutokiona kiumbe fulani hakuthibitishi kwamba gemu haiwezi kumtoa. Wengi wa waliolalamika walikuwa na uchungu wa kweli, na wengi walikuwa wakikumbuka mahojiano ya mtengenezaji kwenye televisheni kuliko maandishi ya ukurasa wa mauzo. Ukitaka dai lako lisimame, litegemeze kwanza kwenye ukurasa wa mauzo, kisha kwenye trela rasmi, na mahojiano yawe nyongeza tu.

Wenye mabanda ya gemu wazingatie zaidi habari ya Halo Infinite. Gemu hiyo ilitoka Desemba 2021 huku watengenezaji wakiahidi kwamba uwezo wa kucheza kampeni, yaani sehemu ya hadithi ya gemu, kwa kugawanya skrini utakuja baadaye, na mwezi Septemba 2022 wakatangaza kwamba mpango huo umefutwa. Aliyenunua akitegemea neno la "baadaye" alikuwa ameshavuka kila kikomo cha kudai. Kwa mtu ambaye biashara yake ni watu wawili au wanne kukaa kwenye benchi moja, kipengele ambacho hakijaingia kwenye gemu siku ya kununua kihesabiwe kuwa hakipo.

Hatua ya pili: kusanya ushahidi kabla ya kulipa

Ukurasa wa mauzo hubadilishwa bila taarifa, na trela inaweza kufutwa. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, piga picha za skrini za ukurasa mzima, hasa sehemu inayoorodhesha vipengele: idadi ya wachezaji, skrini ya pamoja, lugha, padi (vidhibiti vya mkononi) zinazokubalika, na kama gemu inahitaji intaneti muda wote. Picha ionyeshe tarehe. Kisha fungua tovuti ya web.archive.org, weka anwani ya ukurasa huo na uiagize ihifadhi nakala. Nakala hiyo hubaki na tarehe yake na mtu yeyote anaweza kuikagua, jambo linaloipa uzito kuliko picha iliyo kwenye simu yako. Tovuti hiyo hiyo hukuwezesha kuona ukurasa ulivyokuwa zamani endapo hukuwahi kuuhifadhi na mtu mwingine aliuhifadhi. Kwa upande wa trela, andika anwani yake na dakika ambayo kipengele kinaonekana.

Wakati huo huo tafuta maneno yatakayotumiwa dhidi yako. Trela nyingi huwa na maandishi madogo yanayosema kwamba picha hazitoki kwenye gemu halisi au kwamba mambo yanaweza kubadilika. Gemu za Steam zenye lebo ya Early Access huuzwa zikiwa hazijakamilika, na duka humshauri mnunuzi aipime gemu kwa hali yake ya sasa bila kutegemea ahadi. Dai dhidi ya gemu ya namna hiyo ni gumu, isipokuwa kama kipengele kilichokosekana kimeandikwa kuwa tayari kimo.

Hatua ya tatu: chagua njia ya malipo inayoweza kurudisha fedha

Fedha hurudi kwa njia zilizopitia, na hapa ndipo wanunuzi wa Tanzania hukwama. Kadi pepe ya Visa au Mastercard inayotolewa kupitia pochi ya simu inafaa, mradi usiifunge mara tu baada ya kununua. Marejesho yakielekezwa kwenye kadi iliyofutwa huzunguka kati ya benki na duka, na kuyafuatilia ni kazi ya wiki nyingi. Iache kadi hai hadi kikomo cha kudai kipite. Anayenunua kwa kadi ya zawadi aelewe kwamba marejesho yake yataingia kwenye pochi ya duka na hayatageuka kuwa fedha taslimu.

Msimbo wa gemu ulionunuliwa kwa mtu wa tatu, iwe tovuti ya kuuza misimbo au mtu kwenye kundi la WhatsApp, hauwezi kudaiwa Steam. Dai lote linaelekezwa kwa aliyekuuzia, na akitoweka limekwisha.

Wenye PlayStation wana jambo la ziada. Tanzania haimo katika nchi ambazo Sony, mmiliki wa PlayStation, inaziruhusu kufungulia akaunti, hivyo wachezaji wengi hapa hutumia akaunti za nchi nyingine pamoja na kadi za zawadi za nchi hizo. Kanuni za marejesho zitakazofuatwa ni za nchi ya akaunti hiyo. Usijaribu kudanganya kuhusu makazi yako unapodai. Jibu maswali unayoulizwa kwa ukweli na ubaki kwenye hoja ya kipengele kilichokosekana.

Hatua ya nne: tumia saa mbili za kwanza kwa kupima

Hii ndiyo hatua inayoamua madai mengi. Steam hutoa marejesho kwa sababu yoyote ile ikiwa siku 14 hazijapita tangu kununua na gemu haijachezwa kufikia saa mbili. Masharti yote mawili hutakiwa kwa pamoja. Saa hizo huhesabiwa gemu inapokuwa wazi, hata kama mchezaji ameiacha kwenye menyu na kwenda kula, na gemu nyingi hutumia nusu saa au zaidi kwa filamu za utangulizi na mafunzo. Tangu Aprili 2024 Valve inahesabu pia muda uliochezwa kabla ya siku rasmi ya kutoka, kwa wale walionunua matoleo ya bei ya juu yanayowapa nafasi ya kutangulia.

Kwa hiyo usianze na hadithi. Andika kwenye karatasi vipengele viwili au vitatu vilivyokufanya ununue, kisha ufungue gemu na uviendee moja kwa moja. Kama ni skrini ya pamoja, unganisha padi ya pili kabla ya kitu kingine chochote. Kama ni kucheza bila intaneti, zima data na uifungue upya. Kama ni padi fulani, ijaribu kwenye menyu na kwenye mchezo wenyewe. Rekodi video fupi ya kila jaribio. Ukimaliza, ifunge gemu kabisa na uangalie muda uliorekodiwa kwenye maktaba yako. Jioni moja inatosha kwa kazi hii, na mchezaji anayeiahirisha hadi mwisho wa wiki akishacheza saa sita ameshapoteza silaha yake kubwa.

Katika hesabu zako kumbuka bando. Gemu kubwa za sasa huweza kuzidi gigabaiti 100, na hakuna duka linalolipa gharama ya intaneti uliyotumia kupakua. Hiyo ni sababu ya kutosha ya kusoma kwa makini maoni ya wachezaji wengine siku ya kwanza na ya pili kabla ya kupakua chochote.

Hatua ya tano: fahamu kanuni ya duka lako

Epic Games Store ina kikomo sawa na Steam, yaani siku 14 na chini ya saa mbili, kwa gemu zilizowekewa alama ya kurejesheka. GOG, duka jingine la gemu za kompyuta, ina kanuni yenye ukarimu kuliko zote ninazozifahamu: tangu Februari 2020 inaruhusu kudai ndani ya siku 30 hata kama gemu imepakuliwa na kuchezwa, ingawa inatarajia mnunuzi asiitumie vibaya nafasi hiyo.

PlayStation Store ni kali. Siku 14 zipo, lakini ukishaanza kupakua haki hiyo inaondoka, isipokuwa gemu iwe na kasoro. Anayeagiza gemu mapema kwenye PlayStation azime upakuaji wa moja kwa moja, kwa sababu mashine inaweza kuanza kupakua usiku akiwa amelala. Sony yenyewe imewahi kuvunja ugumu huo tukio lilipokuwa kubwa: Cyberpunk 2077 ilipotoka tarehe 10 Desemba 2020 ikiwa katika hali mbaya kwenye PlayStation 4, Sony iliiondoa dukani wiki moja baadaye na kuwarudishia fedha waliodai, wakiwemo walioipakua na kuicheza. Haikuirudisha hadi Juni 2021.

Xbox hupokea maombi ndani ya siku 14 kwa gemu ambayo haijachezwa kwa muda mrefu, na Microsoft ndiyo inayoamua. Nintendo kwa kawaida huhesabu mauzo ya kidijitali kuwa ya mwisho, hivyo kwa Nintendo tahadhari ya kabla ya kununua ndiyo kinga pekee ya kuaminika. Kwa gemu za simu, Google Play hupokea dai ndani ya saa 48, na baada ya hapo hukuelekeza kwa mtengenezaji. Apple hupokea kupitia reportaproblem.apple.com.

Hatua ya sita: andika dai

Kwenye Steam, ingia help.steampowered.com, chagua ununuzi husika, chagua kuomba marejesho, kisha taja kama unataka fedha zirudi kwenye pochi ya Steam au kwenye njia uliyolipia. Kisanduku cha maelezo ni kidogo, na hilo ni jambo jema. Nimesoma madai ya vijana wa mabanda ya hapa mjini yaliyojaa uchungu kurasa mbili nzima, ambamo kipengele kilichokosekana kilitajwa mara moja tu katikati. Mfanyakazi anayesoma maombi mengi kwa siku anahitaji mistari michache iliyonyooka, kwa mfano:

"Nilinunua gemu hii tarehe 3 Mei kwa sababu ukurasa wake wa mauzo unasema kwamba watu wanne wanaweza kucheza kwenye skrini moja. Nimeijaribu kwa padi nne na menyu haina chaguo hilo katika aina yoyote ya mchezo. Naambatanisha anwani ya nakala ya ukurasa ya tarehe 2 Mei. Nimecheza dakika 48, zote kwa ajili ya jaribio hili. Naomba nirudishiwe fedha zote kwenye kadi niliyolipia."

Maelezo hayo yana tarehe, neno la muuzaji, jaribio, ushahidi na ombi. Hayana tusi wala tishio. Yatumwe kwa Kiingereza pale duka lisipotoa huduma kwa Kiswahili, na programu ya kutafsiri inatosha kwa sentensi fupi kama hizo.

Hatua ya saba: ukikataliwa

Jibu la kwanza la kukataa mara nyingi hutolewa kwa kuangalia muda tu. Tuma ombi la pili, na safari hii anza na kosa lenyewe: "Sidai kwa sababu nimebadili mawazo. Nadai kwa sababu bidhaa hailingani na maelezo yake." Ongeza ushahidi mpya, kama vile kauli ya mtengenezaji kwamba kipengele hakipo au kimefutwa. Kauli hiyo ni ya thamani kubwa, kwa hiyo mwandikie mtengenezaji mapema na umuulize swali moja tu la ndiyo au hapana kuhusu kipengele hicho. Iwapo duka lina mazungumzo ya moja kwa moja, yatumie na uhifadhi nakala.

Neno "mauzo ni ya mwisho" lisikukatishe tamaa mara moja. Nchini Australia mahakama iliitoza Valve faini ya dola za Australia milioni 3 mwaka 2016, na Sony Europe milioni 3.5 mwaka 2020, kwa sababu ya maelezo ya upotoshaji waliyowapa wateja kuhusu haki ya kurudishiwa fedha. Hukumu hizo hazina nguvu Tanzania, lakini zinaonyesha kwamba kanuni ya duka haiwi juu ya sheria kwa sababu tu duka limeiandika.

Hatua ya nane: kupinga malipo kupitia benki

Mwenye kadi ya Visa au Mastercard anaweza kuiomba benki iliyotoa kadi ipinge malipo kwa hoja kwamba bidhaa hailingani na maelezo. Muda wa kawaida wa kufanya hivyo ni siku 120, lakini benki au mtoa huduma wa pochi anaweza kukutaka uwahi zaidi, kwa hiyo uliza mapema. Peleka ushahidi ule ule pamoja na majibu ya duka, kwani benki itataka kuona kwamba ulijaribu kwanza kuelewana na muuzaji. Benki ikikaa kimya, Benki Kuu ya Tanzania hupokea malalamiko ya watumiaji wa huduma za fedha waliokwisha kulalamika kwenye taasisi yao.

Naisihi njia hii itumiwe kwa uangalifu mkubwa. Maduka huweza kuifungia akaunti iliyopinga malipo, na mwenye akaunti iliyofungwa hupoteza nafasi ya kutumia gemu zote alizonunua humo kwa miaka. Mwenye banda ambaye gemu zake zote za biashara ziko kwenye akaunti moja atakuwa anahatarisha kipato chake chote kwa ajili ya gemu moja. Kwa maoni yangu, njia hii inafaa tu pale ambapo kiasi ni kikubwa, ushahidi hauna shaka, na akaunti haina kitu kingine cha kupoteza.

Hatua ya tisa: uliponunua dukani mjini

Diski iliyonunuliwa Tanga mjini ina sheria za hapa hapa. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, na Sheria ya Ushindani, Na. 8 ya mwaka 2003, inakataza mwenendo wa kupotosha wateja na inaipa Tume ya Ushindani kazi ya kuisimamia. Dai risiti ya EFD siku ya kununua, na mwombe muuzaji aandike kwa mkono kile alichokuahidi: "inacheza watu wanne", "haihitaji intaneti". Rudi dukani mapema, ukiwa na diski, kasha na risiti, umweleze muuzaji kwa adabu. Hakikisha pia kwamba msimbo wa ziada uliokuwa ndani ya kasha haujatumika, kwa sababu ukishatumika diski haiwezi kurudi rafuni kama mpya. Akigoma, andika barua yenye tarehe, mpe nakala, kisha uipeleke nakala nyingine Tume ya Ushindani. Kwa kiasi kinachostahili usumbufu, mahakama ya mwanzo ipo.

Diski ya kunakili ni habari nyingine. Aliyeinunua akijua kwamba ni ya bandia hana ukurasa wa mauzo wala maelezo rasmi ya kushikilia.

Fedha zinaporudi

Steam hueleza kwamba marejesho yaliyokubaliwa hutolewa ndani ya wiki moja, lakini kadi za kimataifa zinaweza kuchelewa zaidi. Kama gemu ililipiwa kwa dola, kiasi kitakachoingia kwa shilingi kinaweza kuwa pungufu au zaidi ya kile kilichotoka, kulingana na kiwango cha kubadilishia fedha cha siku hiyo, na ada ya benki au ya pochi kwa kawaida hairudi. Linganisha dola na dola kabla ya kulalamika kwamba umepunjwa. Siku za kazi kumi zikipita bila kitu kuonekana, liombe duka namba ya marejeo ya muamala wa kurudisha, kisha uipeleke kwa aliyetoa kadi. Kwa namba hiyo mhudumu anaweza kuufuatilia muamala wenyewe, badala ya kukuambia uendelee kusubiri.